Donge Lililoingia Tanurini

Kama hukunisoma wiki iliyopita, habari yenyewe ni fupi: nilioka chachu yote.

Walionisoma wanajua uzito wa maneno hayo. Wewe mgeni, vuta kiti nikueleze harakaharaka. Mume wangu, mwokaji mikate, alianguka mbele ya tanuri lake akiwa ameshika sepetu ya kutolea mikate, na hakuinuka tena. Baada ya mazishi mama yake, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye tanuri, alituita mimi na wifi yangu. Akasema siku nitakayovua nguo nyeusi ndipo ataamua funguo za duka zikae kwa nani: kwangu mimi mjane, au kwa wifi, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Kwangu akaweka sharti moja tu. "Nikute chachu ya nyumba hii iko hai mkononi mwako. Ikifa, rudi kwenu salama."

Chachu ninayoisema si hamira ya pakiti. Ni unga na maji vilivyoachwa vikachacha vyenyewe ndani ya ndoo. Kila siku ukimaliza kukanda, kabla hujatia chumvi, unakata donge, unalirudisha kwenye ndoo, unalilisha unga na maji ya uvuguvugu. Kesho yake ndilo linaloumua mikate yote. Donge la leo limetoka kwa la jana, la jana limetoka kwa la juzi, hivyohivyo mpaka kwa bibi yake mama mkwe, ambaye hata picha yake hatuna. Siku ukisahau kukata donge, kwisha habari.

Nilisahau. Nilikanda, nikatia chumvi, nikakata mikate, nikaoka, nikauza mpaka wa mwisho. Ndoo nilikwisha kuiosha na kuianika. Niliwaachia pale nilipoigeuza nikaona inang'aa.

Mhariri ananiambia wasomaji mnauliza mbona silii. Tangu mazishi mwili wangu wote uko kama mguu uliokaliwa. Najua upo, lakini ukiubana hausikii. Nikikata kitunguu machozi yanatoka vizuri tu. Nikimkumbuka mume wangu, macho makavu.

Haya. Asubuhi iliyofuata.

Mama mkwe wangu miguu imemkataa, lakini pua yake ndiyo meneja wa duka. Kila asubuhi anapelekewa donge la chachu kwenye kisahani, chumbani kwake. Analipasua, ananusa, anasema, "Washeni." Hapo ndipo moto unapowashwa. Asiposema, hakuna anayegusa kiberiti cha tanuri.

Asubuhi ile niliingia mikono mitupu.

"Mama, shikamoo. Leo hatuoki."

"Marahaba. Nani tena kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Bomba la moshi limeziba."

"Limeziba lini, na jana lilikuwa linavuta?"

"Masizi, mama. Fundi nimemwita."

Alinitazama kwa muda. Mama yule hakutazami usoni, anakutazama mikononi. Nikaificha nyuma, kisha nikaona ujinga, nikaitoa.

"Kesho basi," akasema. "Na kesho ndiyo siku yenyewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Uniletee kisahani changu mapema. Nimeota nakinusa."

Nikarudi jikoni. Wifi yangu alikuwa keshafika, ameshafunua ndoo, kichwa chote kimezama ndani.

"Wifi," sauti yake ikatoka kwenye ndoo.

"Abee."

"Chachu iko wapi?"

"Imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na wateja."

Akatoa kichwa. Akanitazama, akaitazama ndoo, akanitazama tena. Halafu akakaa juu ya gunia la unga akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Yaani wewe umeiuza chachu ya ukoo mzima, mtu akaenda kuichovya kwenye chai?"

"Ndiyo."

"Na chenji ukamrudishia?"

"Nikamrudishia."

"Loo! Jamani, mimi nina wifi!"

Nikamwacha acheke. Sikukasirika. Ningependa kusema nilikasirika, maana hadithi ingenoga, lakini nilikuwa nafikiria kwamba gunia alilokalia linavuja na gauni lake litakuwa jeupe.

Nikavaa kandambili, nikaenda dukani, nikarudi na hamira ya pakiti. Nikaimwaga kwenye bakuli, nikatia unga, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu. Muda si muda ikafura, ikatoa mapovu, ikapanda mpaka ukingoni. Nzuri kwa macho. Nikaongeza tone la siki ili kuichachua.

Wifi akainama, akanusa, akakunja uso.

"Hii inanuka baa, wifi. Na siki ndiyo imeharibu kabisa. Mama ataijua kabla kisahani hakijavuka mlango."

Alikuwa anasema kweli. Nikaimwaga.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Mimi? Thubutu! Sifungui mdomo." Akajipangusa unga matakoni. "Nataka kesho nikuone ukimwambia mwenyewe. Nitavaa na gauni langu jipya."

Akaondoka anaimba. Mimi nikakaa pale pale kwenye gunia lake. Wazazi wangu hawapo tena, nyumba yao anakaa kaka na mkewe na watoto wao, mpaka sebuleni wamelala. "Rudi kwenu salama" ni maneno mepesi kwa mwenye kwao. Mimi kwetu ni pale kwenye meza ya kukandia, na nilikuwa nimebakiza siku moja.

Nikiwa nimekaa hivyo akaingia Gunia.

Gunia ndiye mleta unga. Jina hilo alipewa na marehemu, kwa kazi yake na kwa umbo lake. Anapita kwa waokaji wote wa mji, na kila anakopita hakosi kumegewa mkate, kwa hiyo anaijua mikate ya watu kuliko wanaoioka.

"Shemeji, mbona tanuri baridi?"

"Bomba limeziba. Gunia, nikuulize kitu. Nani mwingine katika mji huu anatumia chachu ya ndoo?"

"Siku hizi?" Akatua gunia. "Hakuna, shemeji. Watu wanataka chapchapu, pakiti tu. Labda..." Akajikuna. "Labda yule dada wa mlango wa kijani, nyuma ya stesheni. Ule mkate wake na wenu ni pacha. Mimi siku zote najua ni tawi lenu."

"Tawi letu?"

"Eeh. Si marehemu alikuwa anashinda pale kila Jumatano?"

Akasikia alichosema. Akajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga, kikamwachia ndevu nyeupe.

"Shemeji," akasema, "mimi ni mtu wa kubeba unga tu. Sijui kitu."

Jumatano ndiyo siku aliyokuwa akienda mume wangu kutafuta kuni.

Sasa msomaji, ili unielewe lazima ujue desturi ya nyumba ile. Chachu yao haiuzwi, haigawiwi, haiazimwi. Jirani akiomba, anapewa mkate, hapewi chachu. Inatoka kwa njia moja peke yake: mwokaji akioa, mkewe anapewa donge lake kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe. Mimi niliwekewa bakuli hilo mikononi na mama mkwe mwenyewe, mbele ya watu, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Akaniambia, "Sasa wewe ni wetu."

Kwa hiyo mwanamke mwenye chachu ile hawezi kuwa mteja, wala rafiki, wala mwanafunzi wa mume wangu. Nilijua pale pale kwamba ni mke mwenzangu. Nikajua na namna alivyoipata: mume wangu aliiba donge kwenye ndoo yangu, mgongo wangu ukiwa umegeuka, akampelekea.

Hapo mtu wa kawaida angezimia. Mimi niliosha bakuli, nikalifuta, nikatafuta kitambaa kisafi.

Mlango wa kijani niliukuta wazi. Chumba kidogo, meza ya kukandia imesuguliwa mpaka imebonyea katikati, tanuri dogo la matofali ukutani, mikate miwili ya jana kwenye rafu. Aliyekuwepo si kisichana kama nilivyomtengeneza kichwani njiani. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, miwani usoni, unga mpaka viwikoni. Alikuwa amevaa aproni nyeupe. Chini ya aproni, nguo nyeusi.

"Karibu, dada. Ya leo imekwisha, imebaki ya..." Akanyamaza. Alikuwa ameona nyeusi yangu.

Tukatazamana nguo.

"Nilijua utakuja siku moja," akasema. "Nimejiandaa. Tukana tu, majirani hawapo."

"Sina matusi."

"Hata moja?"

"Labda baadaye. Nimekuja kuomba chachu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikamweleza. Nikamweleza ndoo, chumvi, tanuri, wateja, funguo na kesho. Nilidhani atacheka kama wifi. Hakucheka. Alivuta kigoda akakaa.

"Uliioka yote?"

"Yote."

"Masikini." Akajipangusa unga viwikoni. "Mimi siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, ukutani. Mtu akaniuliza wewe ni nani wa marehemu. Nikamwambia mteja."

Nikamwambia pole. Jamani, nilimpa pole mimi! Akasema ahsante, akaniambia na mimi pole, tukawa tumepeana pole wajane wawili wa mtu mmoja, kwa adabu kabisa, kama tumekutana hospitalini.

Akainuka, akavuta ndoo yake kutoka chini ya meza. Akafunua. Ilikuwa hai, imejaa matundu, imevimba. Akakata donge, akalitia kwenye bakuli langu, akarudisha unga kwenye ndoo yake, kisha akachukua kopo jingine akaongeza konzi ya unga mwekundu.

"Nini hicho?"

"Mtama. Naichanganyia kidogo, inachangamka."

Akamimina maji kwenye kikombe. Kabla ya kuyatia, akageuza mkono akajidondoshea tone pale chini ya kiganja, penye mshipa, akasubiri, akatikisa kichwa, akaongeza baridi, akajidondoshea tena.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa anapima. Maji ya moto yanaiua chachu, kwa hiyo hakuwahi kuyatia bila kuyajaribu kwanza kwenye mshipa ule. Nilimzoea mpaka nikaacha kumwona akifanya. Sasa nilikuwa naona mkono wake kwenye mkono wa mtu mwingine.

Kidole changu kimoja kikaniuma. Hicho kimoja tu. Nikakitazama, sikuona jeraha.

Kitu kikaanguka chumba cha ndani.

"Paka," akasema, kabla sijauliza.

Akafunika bakuli kwa kitambaa changu, akanipa, lakini hakuliachia.

"Dada, nina ombi. Usimwambie Mama umeitoa wapi."

Alisema "Mama" kama anavyosema mtu wa nyumbani. Nilidhani anamwogopa.

"Hata mimi namwogopa," nikamwambia. "Nani alikuletea chachu hii? Alikuletea mwenyewe?"

"Chukua uende, dada. Upepo utaipiga."

Akaliachia bakuli. Nilipofika barabarani nikasikia komeo la mlango wa kijani.

Nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nikalitia donge kwenye ndoo, nikalilisha unga wetu mweupe wa ngano bila kuchanganya kitu. Nikapima maji kwenye mshipa. Mchana nikalilisha, jioni nikalilisha tena. Asubuhi nilipofunua ndoo ilikuwa imepanda mpaka juu, ina matundu kila mahali. Nikanusa. Mimi niliona ni ile ile yetu. Nikajisemea, mtama umekwisha, umemezwa.

Wifi akafika na gauni jipya kweli. La maua.

"Umejiandaa?" akaniuliza. Akaona ndoo. Tabasamu likamtoka. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo," nikasema.

"Ilikuwepo wapi? Jana nimeingiza kichwa humu!"

"Labda hukuangalia vizuri."

Nikachukua kisahani, nikapita. Akanifuata nyumanyuma, kimya. Sijapata kumwona wifi yangu kimya namna ile.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, amechanwa nywele, funguo zimefungwa kwenye pindo la nguo yake. Akapokea kisahani kwa mikono miwili. Akapasua donge. Akaliinua mpaka puani, akafumba macho.

Alinusa kwa muda mrefu kuliko siku zote. Wifi akakohoa. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya gauni lake.

"Washeni," akasema mama mkwe.

Wifi akashika fremu ya mlango.

Mama akafungua pindo, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake. "Vua nguo nyeusi, mwanangu. Duka ni lako."

"Ahsante, mama."

Nikageuka. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na pa kukaa, nina kazi, nina jina. Nikafika mlangoni.

"Bado anatia mtama, huyo mwenzio?"

Nikasimama.

"Nilimwambia siku ile nampelekea, kabla miguu haijanikataa," akaendelea, anaupapasa unga kwa kidole gumba. "Nikamwambia mtama usizidishe, unaacha uchungu mwishoni. Hasikii yule."

"Mama," nikasema. "Ulimpelekea wewe?"

"Ulitaka nani ampelekee? Chachu ya nyumba hii inatoka kwa mkono wangu, si unajua? Kwako nilikupa mimi, kwake nilimpa mimi."

Nikamtazama wifi. Alikuwa anatazama sakafu. Na yeye alijua. Alijua alipokuwa anacheka kwenye gunia, na alijua siku zote za msiba alipokuwa ananishika mabega mbele za watu.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo baya zaidi. "Nakupenda. Mikono yako kwenye unga sijaona mfano wake. Lakini miaka ilikuwa inakwenda na nyumba haina mtoto. Unga wote ungeingia tanurini, tungebaki na nini? Lazima mtu akate donge aliweke pembeni. Nikalikata. Sasa mwanangu hayupo, lakini donge lipo."

Akanirudishia kisahani.

"Ameshaota meno, mjukuu wangu? Umemwona?"

Paka.

"Sikumwona," nikasema.

"Basi nenda kamwambie mama yake afunge vitu vyake, aje naye leo. Tanuri moja litawatosha. Wewe ndiye mke mkubwa, ndiyo maana funguo nimekupa wewe."

Nikatoka. Nikasema "ndiyo, mama," nadhani. Nikapita ukumbini, nikaingia jikoni. Birika nilikuwa nimelibandika kwenye jiko la mkaa kwa ajili ya maji ya kukandia, na lilikuwa linachemka, kifuniko kinagongagonga.

Mguu uliokaliwa unajua unavyokuwa ukianza kuamka. Watu wanasema ganzi mbaya, lakini ganzi haiumi. Inauma inapoondoka. Ilianza kwenye kile kidole cha jana, ikaja kiganjani chenye funguo, ikapanda mkono mzima mpaka kifuani, na pale kifuani nilitamani irudi.

Ndoo ilikuwa wazi. Chachu yake, yangu, ya bibi asiye na picha. Ilikuwa inapumua, tundu moja linafunguka, jingine linafunga.

Nikainua birika.

"Wifi." Alikuwa mlangoni, na gauni lake la maua. Hakuwa anacheka. "Wifi, weka birika chini."

Nikalisogeza juu ya ndoo.

"Nakuomba. Nitukane mimi. Mtukane mama. Lakini hicho ndicho kitu pekee alichokiacha kaka yangu mkononi mwako."

"Kumbe?" nikamwambia. "Na mwenzangu kamwachia nini?"

Mvuke ulikuwa unanichoma usoni, na nilikuwa nausikia. Birika lilikuwa limeinama, maji yako mdomoni mwake. Kitu kikadondoka juu ya chachu, kikadondoka kingine, nikadhani ni maji ya birika.

Hayakuwa ya birika. Na jikoni hapakuwa na kitunguu.